Sahihi za Wale Waliobaki Ng'ambo

Kindu, Jumatatu 2 Septemba 2024

Mvua ya kwanza imenyesha leo, ndogo tu, ya kulaza vumbi. Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya Umoja wetu wa wauzaji wa mawese, maana jana wenzangu walinichagua niwe karani. Lakini lina kurasa nyingi kuliko maneno ya Umoja. Nimeligeuza juu chini nikaanza nyuma: mbele ni yao, nyuma ni yangu.

Wanasema wamenichagua kwa sababu ya mwandiko wangu. Mimi nasema ni kwa sababu Djamali anafanya kazi katika Ofisi ya Mazao ya Mtoni, ile tunayoiita biro, na Djamali ni mwanangu. Sikumzaa mimi, alimzaa marehemu dada yangu. Ila aliyemlea wakati wa vita ni mimi, mama yake mdogo, na sioni tofauti.

Alhamisi 5 Septemba

Djamali amekuja mwenyewe na barua ya ofisi, juu ya pikipiki ya ofisi, majirani wote wakitazama. Barua inatualika sisi wauzaji tukashauriane na ofisi juu ya kanuni mpya ya mawese yanayofika kwa mto. Kushauriana! Mimi nimeuza mawese miaka ishirini, na kila kanuni nimeijua siku askari alipokamata bidoni langu la mafuta. Nimeisoma barua mara tatu.

Nilimwomba anionyeshe kanuni yenyewe. Akacheka.

"Haiyaisha kuandikwa, mama mudogo. Njo maana tunawaita, mutusaidie kuiandika."

Akala wali na sombe ya majani ya muhogo, akakomba sahani, akaenda. Nimefurahi mpaka nimesahau kuchuja mafuta ya kesho.

Jumatano 11 Septemba

Mvua. Mitumbwi miwili tu imefika, na mafuta yenyewe yana maji.

Jumamosi 14 Septemba

Nimevuka mto kwenda Alunguli kuwapelekea habari wenzetu wa ng'ambo. Wako kumi na mmoja. Wanapokea mawese pale pale bichini, mitumbwi inapotia nanga, wanayachemsha tena, wanayachuja, wanauza. Mkubwa wao ni yaya Yvette, dada mkubwa wa sote, na mafuta yake hata sisi wa upande huu tunayatambua kwa harufu. Nyumba yake iko hatua kumi na tano kutoka majini. Ni bahati, maana mguu wake wa kulia ulivunjika zamani ukaunga vibaya, na kubeba bidoni mbali hawezi.

Amesema atakuja mkutanoni, na ana neno moja tu.

"Watengeneze yote wanataka. Bichi ya Alunguli tu ibaki wazi. Mafuta ikiacha kunifuata kwa mulango, miye siwezi kuifuata."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, safari hii wanatuuliza kwanza.

Jumatatu 16 Septemba

Jana Maulidi. Sauti imekauka kwa kasida, tumbo limejaa pilau. Sikuuza.

Alhamisi 19 Septemba

Mkutano umefanyika. Mvua ilianza alfajiri na mto ukachafuka, mitumbwi haikuvuka. Wa Alunguli hakufika hata mmoja. Sisi wa upande huu tulikuwa thelathini na wanne, katika ukumbi wa kukodi karibu na stesheni, bati likipiga kelele hata huwezi kumsikia aliye kando yako.

Mkubwa wa ofisi alisema kwa Kifaransa muda mrefu. Djamali akatafsiri kwa Kiswahili muda mfupi: ofisi inataka mawese safi, yanayofika kwa utaratibu. Nani atapinga mawese safi? Tukapiga makofi. Ndipo Falone akasimama, mtoto mgongoni. Falone ni binti anayeuza karibu nami, mdomo wake hauna kifuniko.

"Karatasi yenyewe iko wapi?" akauliza. "Chakula chenye kingali kwa chungu, miye siwezi kusema ni tamu."

Nilimvuta kitenge akae. Aibu ilinishika mbele ya wakubwa, na mwanangu amesimama pale na shati jeupe. Mkubwa akatazama saa yake, akasema maswali yataandikwa na kuletwa ofisini. Mkutano ukaisha hivyo. Nilimfuata Djamali nikampa neno la yaya Yvette, bichi ya Alunguli ibaki wazi, akaitikia kwa kichwa kwamba ataliweka katika ripoti.

Kisha ikapita orodha ya mahudhurio, karatasi tatu zenye safu za jina, mahali pa kuuzia, na sahihi. Kila aliyetia sahihi alipewa mche wa sabuni na chupa ya sukre, yaani soda. Juu ya karatasi hapakuwa na kichwa cha habari. Nilipouliza, Djamali akasema kichwa wataweka kwa kompyuta. Halafu akainama sikioni kwangu.

"Na wale wa Alunguli, mama mudogo? Kama hawako kwa liste, biro haitawajua."

Aliniachia kalamu akaenda kuangalia vinywaji. Nikawaandika wote kumi na mmoja, na kila mmoja nikamtilia sahihi yake, huyu herufi nimezilaza, huyu nimezisimamisha. Ya yaya Yvette niliipa Y kubwa yenye mkia. Wenzangu waliokuwa karibu waliniombea baraka. Falone peke yake alikataa kuandika hata jina lake, akaondoka bila sabuni, na mimi nikasema mbele za watu kwamba ubishi haufui nguo.

Ijumaa 20 Septemba

Nimepeleka sabuni kumi na moja ng'ambo. Yaya Yvette amecheka, akashukuru kwa kumsainia, kisha akauliza kama neno lake nililisema. Nikajibu ndiyo. Ni kweli, nililisema, ingawa si pale alipotaka lisemwe.

Mtu asiyekuwa Kindu wakati wa vita akisoma ukurasa wa jana ataniita mwongo. Basi niandike. Mwaka wa 2002 mji ulikuwa umezungukwa na wapiganaji. Treni haikuja, na aliyetoka kutafuta sombe mashambani pengine hakurudi. Chakula kilikuja kwa ndege, na ukikipata ni kwa orodha. Jina likiitwa na sahihi haipo, hukuli. Mimi nilikuwa nimelala na homa. Djamali alikuwa na miaka saba, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu. Yaya Yvette, aliyekuwa jirani yetu wakati huo, alisimama mstarini kwa mguu ule ule mbovu, akaandika jina lake, kisha langu, kisha la mtoto, akatutilia sahihi. Tulikula maharage aliyoleta siku nne. Nilipopona nami nikawaandika wengine. Mtaa mzima tuliandikiana. Kumwacha mwenzako nje ya orodha ndiyo ilikuwa dhambi.

Jumamosi 28 Septemba

Mvua. Mvua. Paa linavuja juu ya kitanda.

Alhamisi 3 Oktoba

Treni imefika baada ya majuma mengi, mji mzima umekwenda kuipokea utadhani bibi arusi. Falone hakuzungumzia treni. Amesema alikwenda ofisini kutafuta ile karatasi ya kanuni, na ameiona. Imebandikwa ukutani, nyuma ya mlango wa ukumbi wa ofisi. Mlango ukifunguliwa unaifunika, na ukifungwa wewe uko nje. Aliyemwonyesha ni mama anayefagia. Hakuweza kusoma zaidi ya chini, maana mlinzi alimfukuza, lakini chini kuna muhuri na tarehe: 5 Septemba.

Nikamwambia amesoma vibaya. Tarehe tano Septemba Djamali alikuwa kwangu anakula wali, na kanuni ilikuwa haijaandikwa.

Jumapili 6 Oktoba

Djamali amepita. Nimemuuliza ile karatasi ya nyuma ya mlango. Amesema sheria inataka ibandikwe siku thelathini, haisemi ukuta gani. Akacheka, nami nikacheka. Alipoondoka nilibaki na sufuria mkononi, sikumbuki nilitaka kupika nini.

Jumatano 9 Oktoba

Nimekwenda ofisini mwenyewe. Nimeingia, nimeusukuma mlango, nimetazama nyuma yake. Kuna alama nne za gundi.

Jumanne 15 Oktoba

Djamali amepandishwa cheo. Sasa ni msaidizi wa mkubwa. Watu wananipa pongezi sokoni. Ninazipokea.

Ijumaa 25 Oktoba

Mto umejaa. Mafuta machache.

Jumatatu 4 Novemba

Kanuni imetoka. Imesomwa redioni saa moja asubuhi, nikaisikia nikiwa nachuja, mikono miwili ndani ya mafuta, sikuweza hata kuongeza sauti.

Baadaye nimepata nakala. Kuanzia tarehe kumi na moja, mawese yote ya mtoni yatashushwa mahali pamoja tu, upande huu, kwenye bohari la mfanyabiashara Bwana Franck Mwamba. Bohari lile lilijengwa kiangazi hiki mbele ya macho yetu, na sote tulisema ni la kuwekea saruji. Wenye kadi ya ofisi ndio watakaonunua. Bichi ya Alunguli imefungwa kwa mawese. Kifungu cha tisa kinasema mwenye malalamiko ayalete ndani ya siku thelathini, yakiwa na majina na sahihi za wauzaji wasiopungua kumi wanaoguswa.

Mwanzoni mwa kanuni wameandika kwamba iliwekwa wazi kwa watu wote kuanzia 5 Septemba hadi 5 Oktoba. Falone alisoma vizuri. Siku ile Djamali aliketi kwenye mkeka wangu, akala chakula changu, akaniambia tusaidie kuandika, na kanuni ilikuwa na muhuri tayari.

Nikafungua mwisho. Kuna nyongeza ya karatasi tatu. Nikaujua mwandiko wangu kabla ya kusoma neno. Juu, pale palipokuwa patupu, sasa pameandikwa kwa kompyuta: Wauzaji walioshauriwa na walioridhia. Jina la kwanza ni langu. Ya mwisho kumi na moja ni ya wale waliobaki ng'ambo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekuwa nikiwaambia wengine methali hii maisha yangu yote, kwa sauti ya mtu ambaye haimhusu.

Jumanne 5 Novemba

Mjumbe wa ofisi ameniletea kadi. Namba moja.

Alhamisi 7 Novemba

Wanawake wa Alunguli wamevuka kwa mitumbwi miwili, wakanipitia nyumbani. Hawakuwa wameiona nyongeza. Walinitaka niwe msemaji wao kwa Kifaransa, kama karani wa Umoja. Nilitembea nao kutoka mtoni hadi ofisini, na njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kusema. Yaya Yvette alikuwa ameshika bega langu kwa ajili ya mguu wake. Sikusema.

Tumepokewa na mkubwa mwenyewe. Djamali alikuwa kando, anapanga mafaili yaliyokwisha kupangwa. Yaya Yvette akasema kwamba wao hawakuulizwa na mtu yeyote. Mkubwa hakukasirika. Akafungua kanuni, akahesabu kurasa kwa kidole, akaigeuza upande wa yaya Yvette.

"Huyu si wewe, mama? Hii si sahihi yako?"

Yaya Yvette akainama akatazama. Akatazama jina lake, na Y ile yenye mkia, kisha majina kumi mengine chini yake. Akainua macho akanitazama mimi. Anaujua mkono wangu tangu mwaka ule wa orodha, nao wenzake walikuwa wanamsubiri aseme. Neno moja, hapana, lingevunja karatasi yote ile. Lingenivunja na mimi, maana mlangoni walisimama askari wawili na kughushi sahihi kuna jela.

"Ni yangu," akasema.

Wenzake wakashangaa, wakaanza kunong'ona. Mkubwa akawauliza na wao, mmoja mmoja. Walimtazama yaya Yvette, kisha kila mmoja akasema ni yake.

Tulipotoka hakushika bega langu. Ameteremka hadi mtoni peke yake, akiuvuta mguu, na aliponiona namfuata amepunga mkono kwamba nirudi.

Jumatatu 11 Novemba

Wameweka kamba kwenye bichi ya Alunguli. Nimeiona kutoka upande huu.

Jumanne 12 Novemba

Falone ameaga. Hana kadi, anakwenda Punia kuwapikia wachimbaji wa madini. Nimemwambia kwamba siku ile ya mkutano nilikosea kumvuta kitenge. Amejibu kwamba kitenge kilikuwa cha zamani, hakuna neno. Amenishinda kwa upole wake, na mimi nilimwita mbishi mwaka mzima.

Ijumaa 15 Novemba

Djamali amekuja baada ya swala. Sikumpa chakula. Nimeweka kanuni mbele yake, imefunguliwa kwenye nyongeza, nikamuuliza swali moja: alipoinama sikioni kwangu siku ile, alijua juu ya karatasi patawekwa nini?

Alizunguka kwanza. Akasema mji lazima uendelee, akasema angekataa wangemwondoa na kumweka mwingine. Nikamwambia sikuuliza hayo. Akachezea funguo za pikipiki.

"Tulihitaji majina ya Alunguli. Nilijua utawaandika, mama mudogo. Nyinyi munaandikianaka tangu vita."

Alisema taratibu, bila ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hakukisia. Alijua, kwa sababu yeye mwenyewe ni mmoja wa walioandikwa. Nikamkumbusha maharage ya siku nne, nikamkumbusha ni mkono wa nani ulioandika jina lake. Akasema anakumbuka. Nikamwambia nitakwenda kusema kweli.

"Kweli ya nani? Sahihi zote ni za mukono yako. Yangu haiko hata moja."

Kisha akataja kadi namba moja, kwamba yeye ndiye aliyenitafutia. Nikaichukua kutoka chini ya mkeka nikaiweka juu ya goti lake. Ameondoka ameiacha sakafuni.

Nimesalitiwa na mtoto niliyemlisha kwa mkono huu, naandika wazi. Na kwa mkono huu huu nimemsaliti aliyenilisha mimi. Nikitaka kumlaani Djamali, laana inakwama njiani, haijui iende kwa nani.

Jumapili 17 Novemba

Mvua. Hakuna aliyekuja.

Jumamosi 23 Novemba

Nimeandika barua. Nimeichana. Nimeandika nyingine.

Alhamisi 28 Novemba

Barua imekamilika. Inasema kwamba wauzaji wa Alunguli hawakuwapo tarehe 19 Septemba kwa sababu ya mto, hawakuona kanuni, hawakuridhia, na kwamba sahihi kumi na moja ni za mkono wangu mimi, Mounira, karani wa Umoja. Chini nimeacha mistari kumi na mmoja ili safari hii watie wenyewe.

Jumamosi 30 Novemba

Nimevuka. Sufuria kubwa la yaya Yvette limelazwa kifudifudi nje, na kuku wamelala juu yake. Wiki tatu hajachemsha mafuta. Amejaribu kununua upande wetu kwa mgongo wa wengine, lakini bila kadi haiwezekani, na mguu nao umevimba kwa kupanda na kushuka mtumbwini. Mjukuu wake mmoja amekwisha kupelekwa Kailo kwa ndugu, nyumba ipate kupumua.

Alinipa kiti. Nikamsomea barua yote, hata pale nilipojitaja. Nikamwambia najua ni jela, nimekubali, kinachotakiwa ni majina kumi tu na siku zimebaki nne. Nikamwekea kalamu juu ya goti.

Akaitazama kalamu kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo.

"Miye nilisha saini, Mama Karani. Uende uulize biro, watakuonyesha."

Hajawahi kuniita hivyo. Nikalia, nikamwomba msamaha, naye akasema amekwisha kunisamehe siku ile ile mbele ya mkubwa, ndiyo maana alisema ni yake. Lakini karatasi hatatia mkono tena, si yangu wala ya mtu mwingine.

Nikaenda nyumba kwa nyumba kwa wale kumi. Mmoja alisema mumewe hayupo. Wengine walisema wakikana sahihi leo wataulizwa kwa nini waliikubali jana. Wa mwisho alinirudishia mche wa sabuni, haujafunguliwa.

Jumatano 4 Desemba

Leo ilikuwa siku ya mwisho. Nimevaa vizuri, nimefika ofisini mlango ukiwa wazi. Dirisha la malalamiko liko na karani mpya, kijana mwenye adabu, sijui jina lake. Amesoma barua yangu yote taratibu. Alipofika kwenye sahihi kumi na moja alinitazama, kisha akateremka chini kwenye mistari mitupu.

Akaniambia kwamba kifungu cha tisa kinataka majina kumi, na kwamba yeye anaona nina haki. Akatazama nyuma kama kuna mtu, akanisogezea kalamu yake.

"Mama, si unawajua wote? Uwaandikie tu. Nani atajua?"

Alikuwa ananihurumia. Majina yale ninayo moyoni kwa mpangilio, na mkono ulikuwa tayari juu ya karatasi. Nilifikiria sufuria la yaya Yvette. Majina kumi, na pengine kamba ile ingetoka.

Nikaandika Mounira katika mstari wa kwanza, nikatia sahihi, nikamrudishia kalamu. Akasema jina moja halitoshi. Nikamwambia najua.